Mwalimu wa Lishe Aliyeishiwa Damu

Kwa miaka minne sikugusa nyama, maziwa wala yai, na nilihakikisha kijiji chetu kizima cha Mabawe kinajua. Mnadani Nyantakara nilimsikia muuza dawa za asili akisema nyama huoza tumboni. Mimi, mwalimu wa sayansi niliyewachapa watoto kwa kusahau mlo kamili, nikamwamini mtu kwa sababu alikuwa na kipaza sauti. Harusini nilikuwa nasukuma nyama ya mbuzi pembeni na kuwahutubia wanaokula.

Mwaka wa nne ulimi wangu ukawa mwekundu, laini kama umepigwa pasi. Nyayo zikafa ganzi. Njiani kwenda shule nikawa napumzika mara mbili, na njia hiyohiyo mama mkwe wangu huipita na mkungu wa ndizi kichwani.

Siku moja alinikuta nimeketi kwenye majani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unaumwa, au nimwite katekista aje kuzika moja kwa moja?”

Ushauri ukamiminika. Nilikunywa juisi nyekundu ya rozela lita kwa lita. Mwalimu mkuu akaniletea soda iliyochanganywa na nyanya ya kopo, eti inaongeza damu. Iliongeza gesi. Vidonge vya madini ya chuma nikavimeza miezi miwili, nikabaki mweupe wa viganja vilevile.

Mke wangu akanipeleka hospitali. Daktari, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, akasoma majibu ya maabara.

“Chembe zako nyekundu ni chache, tena kubwa kupita kawaida. Unakula nini, mzee wangu?”

“Ndizi, maharage, mchicha,” nilijibu kwa fahari.

“Nyama, maziwa, mayai?”

Nikamweleza habari ya kuoza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Unafundisha somo gani?”

“Hisabati,” nikasema.

“Sayansi,” mke wangu akasahihisha. “Na lishe anaifundisha yeye.”

Daktari hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akanieleza kwamba nimepungukiwa vitamini B12, inayopatikana kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama. Mwili huweka akiba ya miaka, na yangu nilikuwa nimeimaliza nikihubiri. Chuma hakishiki nafasi yake, na ningechelewa zaidi, mishipa ya fahamu ingeharibika moja kwa moja.

Nilichomwa sindano siku moja baada ya nyingine kwa wiki mbili, kisha kila mwezi. Nguvu zilirudi mapema. Ganzi ilichukua miezi, na kidole kimoja cha mguu bado hakinisikii. Maziwa tunayapata kwa jirani yetu Msukuma. Mke wangu hunimiminia kikombe, kisha husimama hapohapo mpaka nimalize.