Mitungi ya Asidi Pale Matema

Nakumbuka, mwanangu, kiangazi kimoja alishuka pale Matema, ufukweni mwa ziwa, mgeni akimwulizia mama yangu. Mama alikuwa Mkisi, mfinyanzi, na vyungu vyake viliuzwa mpaka ng'ambo Malawi. Mgeni alijiita Bwana Fundi. Alitaka mitungi mikubwa, minene, yenye shingo nyembamba. Tukamuuzia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Alijenga banda nje ya kijiji, akawaajiri vijana, na kaka yangu Ambakisye akiwamo. Kazi yao ilikuwa kupika asidi ya naitriki, ile inayosafishia dhahabu kule Chunya. Walichemsha chumvi iitwayo shura na maji ya betri kwenye sufuria nzito ya chuma. Mvuke ukapita kwenye mitungi ya mama, ukapoa, ukawa maji makali yanayotafuna hata bati. Bwana Fundi alijisifu kwamba ndivyo viwanda vya Ulaya vilivyofanya zamani, kabla ya mitambo ya kisasa. Ni kweli. Ila hakusema wapikaji wa huko waliishia wapi.

Nilipompelekea kaka chakula nilikuta moshi wa kahawia unavuja kwenye maungio. Vidole vyake vilikuwa vya njano, naye anakohoa. Bwana Fundi alikaa mbali, upande upepo wa ziwa unakotokea. "Mchumia juani hulia kivulini," akatuambia. Lo! Mbona yeye alikuwa kivulini tangu asubuhi?

Siku ileile mtungi mmoja ulipasuka, moshi ukajaa bandani. Ambakisye alitoka akipepesuka, akanywa maji, akacheka. Mchana kutwa alikuwa mzima, akitutania kwamba leo amevuta sigara ya Kizungu. Jioni pumzi ikamwishia, povu likamtoka kinywani. Moshi ule ni mwongo, mwanangu. Unakuacha ucheke kwanza, kumbe umeshaingia mapafuni. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la mizigo, tukarudi naye amefunikwa kitenge.

Bwana Fundi alikuja msibani na gunia la mchele. Hata matanga hayajaanuliwa, akamwuliza mama mitungi mingine itakuwa tayari lini!

Mama akamtazama. "Unasema Ulaya walitajirika kwa kazi hii?"

"Sana, mama."

"Na waliovuta moshi, nao walitajirika?"

Akamsogezea gunia la mchele.

"Beba mchele wako," mama akamwambia. "Mwanangu hakufa kwa njaa."

Kisha akajifunga kitenge kiunoni, akaenda mpaka bandani. Vijana walikuwa bado wanapika. Akasimama mlangoni, moshi ukimpiga usoni. "Tokeni, watoto wa wenzangu. Msipotoka, nami naingia humo humo."

Wakatoka mmoja mmoja, wakiona haya kumwacha mfiwa ndani ya moshi. Bwana Fundi akapiga kelele za hasara, wala hakuna aliyegeuka. Siku chache baadaye alihama na masufuria yake, na hakuna aliyemshika hata shati kumwuliza habari za kaka yangu. Hilo linanichoma mpaka leo, na mvi zangu hizi.

Sasa nasikia nanyi mnaonyeshana kwenye simu njia ileile, eti mtaji kidogo, faida kubwa. Nani atakayepata faida hiyo? Nakasirika, mwanangu, na sioni haya kukasirika!

Sikukatazi kazi ngumu. Mpunga na kakao navyo vina jasho lake. Lakini mtu akikwambia kazi yake haina madhara, mwambie aishike yeye kwanza, nawe unatazama. Akikataa, ondoka, na usiondoke peke yako, waite wenzako. Na ukivuta moshi wa namna ile, usingoje jioni. Nenda hospitali ungali unacheka.

Kyala, Mungu wetu, akupe pumzi ndefu. Uwazike wazee wako, wasikuzike wewe. Ndaga, asante kwa kunisikiliza.