Karatasi Iliyotaja Kifafa Peke Yake

Namshukuru Mungu aliyenijalia mke mwema, na akaniachia macho ya kusoma hata katika uzee huu. Jambo ninalolisimulia sijalielewa vizuri mpaka leo, lakini nitalisema kama lilivyotupata.

Mke wangu ana ugonjwa wa sukari. Kwa muda mrefu nyayo zake zilikuwa zikiwaka moto, hata shuka likimgusa alilia. Daktari mmoja wa Tororo akamwandikia dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Vidonge vya kwanza tulivipata Busia, upande wa Kenya, kwenye boksi la kampuni iliyoigundua dawa hiyo. Akameza, na baada ya wiki chache akaweza kutembea mpaka shambani.

Vilipokwisha tukanunua vingine upande wetu wa Uganda, vya kampuni nyingine. Mimi ni katekista, na kila chenye maandishi hukisoma kwa sauti. Asubuhi hiyo, baada ya sala, nikaikunjua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi nikamsomea: "Dawa hii ni ya kutibu kifafa."

Akaweka kikombe chini. "Soma tena."

Nikasoma tena. Nikaigeuza mbele na nyuma nikitafuta maumivu ya miguu. Hayakuwamo. Kifafa tu.

"Mimi nimeanguka lini?" akauliza. "Wewe mzee, umeniona natoa povu?"

Sikumcheka. Dada yake alikuwa na kifafa. Walipokuwa wasichana huko Molo, dada huyo alitengewa sahani, na hakuna aliyekula naye isipokuwa mke wangu. Akaviweka vidonge juu ya kabati. Siku ya nne alikuwa anatambaa kwenda chooni, na bado alikataa kuvimeza.

Nikabeba maboksi yote mawili mpaka duka la dawa. Mfamasia ni mama kijana, rika la binti yetu wa mwisho.

"Binti yangu, mmetupatia dawa ya mtu mwingine."

Akayatazama. "Mzee, hii na hii ni dawa moja."

"Mbona hii inataja maumivu, na hii imenyamaza?"

"Imenyamazishwa na sheria. Aliyeigundua alianza na kifafa. Baadaye akaona inatuliza maumivu ya mishipa pia, akapewa hataza ya kazi hiyo."

Akanieleza kwamba hataza ni hati inayompa mgunduzi haki ya kutengeneza na kuuza peke yake kwa miaka kadhaa. Hataza ya dawa yenyewe ilikuwa imekwisha, ndiyo maana wengine wanaitengeneza. Ile ya kazi ya pili ilikuwa bado haijaisha katika nchi karatasi hiyo ilikoandikiwa. Basi huyu wa pili aliruhusiwa kuandika kifafa, lakini maumivu hakuruhusiwa kuyataja.

"Na kidonge kinajua hayo?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Kidonge hakijui kusoma, mzee!"

"Yaani mtu aniuzie jembe, aniambie hili ni la mahindi, kulima mihogo ni mali ya jirani?"

"Karibu hivyo." Kisha akampigia daktari wetu simu mbele yangu, naye akasema mama aendelee, kipimo ni kile kile.

Njiani nilizidi kuchanganyikiwa. Aliyetoka jasho kugundua ana haki ya kula matunda yake, hilo nalikubali. Lakini nimefundishwa tangu ujana kutoongeza wala kupunguza neno lililoandikwa, na sasa naambiwa neno limepunguzwa kwa makusudi, na kwa haki.

Nyumbani nilijaribu kumweleza mke wangu. "Hataza ya kwanza imekwisha, ya pili haijaisha, kwa hiyo karatasi..."

"Wewe mwenyewe unaelewa unachosema?"

"Sielewi."

"Daktari amesema nimeze?"

"Amesema, na nimemsikia kwa masikio yangu."

Akaomba maji. "Haya. Lakini karatasi hiyo usiwasomee akina mama wa kanisa wakija kunisalimu." Akameza.

Moto wa nyayo umepungua tena. Bado najiuliza mtu humilikije kazi ya dawa, na dawa yenyewe ni ya wote. Nimemwachia Mungu, naye hana haraka na mimi.

Wewe unayesoma, Bwana akulinde pamoja na wa nyumbani mwako, awaondolee maumivu yenye jina na yasiyo na jina, na pale msipoelewa awape amani ya kungoja. Amina.