Kinyozi na Mjakaranda wa Mkewe

Kinyozi alikuwa na imani moja iliyomtosha: kwamba hakuna kitu chini ya jua kisichopendeza zaidi kikipunguzwa. Alikuwa amenyoa vichwa tangu ujana wake, vya mabwana harusi, vya mahabusu, vya watoto waliolia mpaka wakapaliwa, na hakuna kichwa hata kimoja kilichorudi kulalamika kwamba nywele zimegoma kuota. Kwa ushahidi huo mzito akajitwalia cheo cha mtaalamu wa kila kinachoota. Ukoka wa uani aliupiga kipara. Michongoma aliichonga kona nne kama kipande cha sabuni. Hata paka wa nyumbani, akimwona bwana huyu ameshika mkasi, aliondoka bila kuaga.

Kitu kimoja tu katika ua ule kilikuwa kimemponyoka, nacho ni mjakaranda. Ulikuwa mti mkubwa, mzee kuliko nyumba yenyewe, na matawi yake yalifunika nusu ya ua. Tena mti huo ulikuwa na mwenyewe, naye ni mke wa Kinyozi, fundi cherehani. Siku walipokwenda kuikagua nyumba ile kabla ya kuinunua, mama huyu hakuuliza habari za jiko wala choo. Alisimama chini ya mti, akatazama juu, akasema, "Hapa ndipo. Hiyo nyumba kaikague wewe."

Na alikuwa na sababu. Nyumba ile haikuwa na dari, na jua likipanda, bati lilishusha joto la kuivisha mkate. Basi cherehani ikawekwa chini ya mjakaranda, meza ya kukatia kitambaa ikawekwa pembeni, na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha ikafungwa kutoka shinani hadi nguzo ya baraza. Kivuli cha mti ule kilizuia jua bila kuzuia mwanga, kwa hiyo fundi aliweza kutunga uzi sindanoni bila kuazima macho ya mtu. Wateja walikuja kwa ajili ya gauni, wakabaki kwa ajili ya upepo. Kwa kifupi, mama alikuwa na ofisi ambayo wakurugenzi wengi hawajawahi kuiota.

Sasa, binti yao akajifungua, na mama akaenda kumtazama mzazi. Kinyozi akabaki peke yake na mikono yake, na mikono ile haijawahi kumshauri jambo la maana. Akawaza: mke wangu akirudi, nimfanyie nini cha kumfurahisha? Mume mwingine angepaka ukuta rangi. Mwingine angetulia tu, zawadi ambayo wake wengi wangeipokea kwa mikono miwili. Huyu wetu akaazima ngazi, akakodi msumeno wa mashine, akapanda juu kuunyoa mjakaranda.

Akaunyoa kwelikweli. Alianza na kilele, akaja kwenye matawi manene, na kufikia alasiri vilibaki vigutu vitano vimenyooshwa juu, kama mtu aliyeambiwa na askari asijaribu kukimbia. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mstaafu wa benki ambaye mtaa mzima ulimwita Meneja, akaja na mikono nyuma kukagua.

"Fundi, hapo umeutendea haki," akasema. "Mti sasa unaonekana umeenda shule."

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mtaa ule haukungoja hata maji. Watu walianza kuweka miadi naye wakiwa wakavu. Bahati ya miti yao ni kwamba mama alirudi mapema.

Aliteremka kwenye teksi, akafungua geti, akasimama na mkoba mkononi. Kinyozi alikuwa anamsubiri barazani, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Karibu, Mama Watoto! Unaonaje? Nimekupigia staili ya kisasa."

Mama akauangalia mti. Akaiangalia cherehani, iliyokuwa inaungua juani. Akamwangalia mumewe.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Kwani nyumba hii haina vyumba?"

Jamani, kuna maswali ambayo mwanamume akishauliza, hata malaika wake wa bega la kulia anatafuta mlango.

Mama alijaribu, tusimwonee. Alishona ndani, na jasho likadondokea gauni jeupe la bibi harusi. Akahamia barazani, jua likamfuata. Akawa anasogeza cherehani kufuata kivuli cha ukuta, na kila akisogea mshono ulipinda. Wateja wakaanza kuulizia mafundi wengine, kwa adabu, huku wanajipepea. Mwishowe akampigia simu mdogo wake, aliyekuwa na chumba cha kazi sokoni, chenye feni. Soko lilikuwa mbali, na magoti ya mama hayakuwa ya kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo ilibidi alale hukohuko.

"Sikuachi, Baba Watoto," alisema cherehani ilipokuwa inapakiwa. "Kivuli kikirudi, nami nitarudi. Ila nakuomba, usinisaidie."

Hapo ndipo Kinyozi alipotambua kwamba nyumba ile ilikuwa na sauti, na sauti hiyo ilikuwa cherehani. Aliumia, tena sana. Na kwa kuwa aliumia, akasaidia. Alivipaka lami vile vidonda vya mti. Akamwaga mbolea shinani mpaka siafu wakahama. Maji alimimina asubuhi na jioni, palepale kwenye gome, kama anayeosha gari.

Habari zikafika sokoni, na mama akamtuma mteja wake mmoja, bibi mtaalamu wa miti katika bustani ya manispaa. Bibi yule akauzunguka mjakaranda, akaguna.

"Mti mkubwa hivi haunyolewi, baba. Unapunguzwa tawi moja moja, tena kwa nafasi. Majani ndiyo jiko lake, humo ndimo unamojipikia chakula. Wewe umelivunja jiko lote. Sasa unaishi kwa akiba iliyo mizizini."

"Nifanye nini?"

"Tandaza majani makavu chini, yasiguse shina. Maji mwaga mbali kidogo, mara chache lakini mengi. Machipukizi yakitoka, usiyaguse. Yatakuwa mabaya kutazama. Yaache."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nije niseme mimi."

Kinyozi akatii, na mvua zilipokuja, mti ukachipua. Ukachipua kwa fujo, vijiti vimesongamana juu ya kila kigutu, majani yameelekea kila upande. Alipiga simu sokoni, anatetemeka kwa furaha.

"Mama Watoto, umeota!"

"Usiuguse."

"Siugusi, wallahi."

"Mvua zikikatika nakuja na cherehani yangu," mama akasema, na akacheka. Miezi ilikuwa imepita bila Kinyozi kukisikia kicheko kile, na siku nzima alitembea kama aliyepewa tuzo.

Lakini mtaa hauna dogo. Meneja akapita, akasimama getini, akaupima mti kwa jicho la kibenki.

"Fundi, aibu hii! Mti wa kinyozi, nywele timutimu? Wateja watakuonaje?"

Akaondoka zake kunywa chai, akiwa ameshamaliza kazi yake duniani. Kinyozi akabaki na neno lile kifuani. Alivumilia siku ile, na ya pili. Siku ya tatu akachukua mkasi mkubwa, akajiambia atapunguza pembeni tu, kidogo, mama asikute kichaka.

Akapunguza kushoto. Akashuka kutazama, akaona kulia kumezidi. Akapanda, akapunguza kulia. Kila kinyozi anaijua balaa hii: ukikosea huku unasawazisha kule, ukizidisha kule unarudi huku, na mwisho mteja anaondoka na kipara ambacho hakukiomba. Ilipofika saa sita mchana, juu ya mjakaranda hapakuwa na jani la kumfunika sisimizi.

Mvua zikakatika. Mti haukuchipua tena. Gome likapasuka upande wa jua, likaanza kubanduka, ukiligusa linakubakia mkononi. Na Kinyozi, shujaa wetu, akachagua njia ya mashujaa wote wa aina yake, akanyamaza.

"Mti unaendeleaje?" mama aliuliza kwa simu.

"Unapumzika."

Jumapili moja pikapu ikasimama getini. Cherehani ilikuwa nyuma, imefungwa kamba. Mama akaingia uani, akatembea hadi kwenye shina, akaweka kiganja. Kipande cha gome kikaanguka miguuni pake. Alisimama pale, jua limempiga utosini.

Kinyozi akatoka ndani. Nywele zilikuwa zimemfunika masikio, ndevu zimeshuka hadi kifuani. Tangu waoane, kichwa chake hakikuguswa na mtu ila mkewe. Vinyozi wenzake aliwaita wachinjaji.

"Hizo nywele vipi?" mama akauliza. "Mji mzima umekosa wa kukunyoa?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Kumbe kungoja unajua," mama akasema.

Machozi yalikuwa yanamtoka Kinyozi, wala hakuyaficha. Mama akaingia ndani, akatoka na mashine, kitana na taulo. Akamkalisha kwenye kigoda katikati ya ua, juani, akamnyoa. Alimnyoa taratibu, akamkunjia sikio moja, akamkunjia la pili, akampangusa shingo. Kinyozi alifumba macho, akadhani amesamehewa.

Mama akakung'uta taulo, akalikunja, akamwekea mapajani.

"Zako zitaota," akasema.

Akapanda mbele, pembeni ya dereva. Kamba ya cherehani hakuna aliyekuwa ameifungua.