Nilimpekua Rafiki Yangu kwa Ajili ya Kete za Poka

Jamani, mimi ni mkosaji. Nasema mapema ili usije ukaanza kunionea huruma katikati ya maelezo ukidhani mimi ndiye niliyeonewa. Hapana! Aliyeonewa ni mwingine, na aliyemwonea ni mimi, kwa mdomo wangu na kwa simu yangu.

Nina duka la spea za pikipiki Mwanga, hapa Kigoma, na nyumbani ni Gungu. Jina langu liache. La rafiki yangu nimelibadilisha, nitamwita Jonasi. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka langu. Alikuwa anachora mabango, anachapa fulana, anatengeneza mihuri ya wafanyabiashara. Mama yake alikuja kutoka Burundi akiwa binti. Jonasi mwenyewe kazaliwa hapahapa, kasoma hapahapa, kaoa hapahapa.

Jumapili mchana tulikuwa tunacheza karata, ile poka, barazani kwangu. Mimi, Jonasi, mwalimu mmoja wa sekondari, na Hamisi fundi wa injini za boti. Hela hatuchezi. Anayeishiwa wa kwanza ndiye anayeleta samaki Jumapili inayofuata, anawakaanga mwenyewe, na sisi tunamzomea akiwa jikoni. Ni heshima tu inayoshindaniwa. Lakini wanaume tukishindania heshima, wee acha!

Mwanzoni tulikuwa tunawekeana maharage badala ya kete, vile visahani vidogo vya kuwekea dau. Sasa maharage Kigoma nani hana? Siku moja Mwalimu akabambwa ana maharage mfuko mzima wa suruali! Tulicheka mpaka Hamisi akalala chini. Mwalimu mwenyewe alicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Moyoni najiuliza, huyu kaanza lini? Na hawa wengine wanaocheka sana, wao mifukoni wana nini?

Ndivyo nilivyo, sitajisafisha. Mke wangu akichelewa sokoni nauliza kapita njia gani. Sukari ikipungua naangalia nani ana chembe mdomoni. Mama Neema amezoea, ananiita afande.

Basi mimi ndiye niliyeleta wazo la kutengenezesha kete zetu wenyewe, za kauri, ambazo mtu hawezi kuzichota gunia la jikoni. Jonasi alifurahi kama kapewa mtoto amlee. Akaanza kuchora siku ileile. Kete ndogo akaweka dagaa, ya kati mgebuka, na kubwa kuliko zote, yenye rangi nyekundu, akaweka kuhe kajikunja mkia. Nyuma ya samaki kuna mawimbi ya ziwa. Aisee, zilipendeza!

Alinifundisha mengi. Kwamba kauri unachapa picha uso mzima mpaka pembeni, si kubandika stika katikati ikabanduka. Kwamba picha lazima izidi nje kidogo ya duara, maana mashine ikicheza, kete inatoka na ukingo mweupe upande mmoja. Zilipoletwa kete za mfano kutoka kiwandani, Jonasi alizigonganisha sikioni, akazigeuza juani, akasema kuhe ameiva mno, ana wekundu wa nyanya. Akawaandikia warekebishe. Mimi ningepitisha hivyohivyo.

Siku hiyo nikamwona anahifadhi ule mchoro kwenye kompyuta yake. Nikamuuliza, "Hii inabaki kwako?"

"Inabaki, kaka. Zikipotea mbili tatu, tunaagiza nyingine zilezile, hata mwenyewe hutazitofautisha."

Alisema kwa furaha kabisa. Mimi nikasikia vingine. Kumbe huyu anaweza kuagiza zake peke yake, na hakuna atakayejua!

Nikatabasamu, nikamlipia soda.

Mzigo ulipofika kwa wakala, nilikwenda kuuchukua mwenyewe. Nikajifungia chumbani, nikafungua boksi. Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikadondoshea kila kete ya kuhe kitone kidogo pembeni. Nyekundu juu ya nyekundu. Usipojua pa kuangalia huoni. Nikaziacha zikauke, nikazimimina kwenye kisanduku cha mbao alichonitengenezea seremala. Nikajiona mjanja! Hata Mama Neema sikumwambia. Ningemwambia tu, haya yote yasingetokea.

Tukaanza kuchezea kete mpya. Raha yake usiseme. Mtu anasukuma kete katikati anasema, "Nakupa migebuka wawili, una nini?" Na mlio wake ni kama visahani vya chai. Ila Jonasi akawa anashinda. Jumapili ya kwanza anashinda. Ya pili anashinda. Mimi nikawa mtu wa kukaanga samaki kwenye baraza langu mwenyewe, na Hamisi ananiambia ongeza chumvi, mama.

Jumapili moja Mama Neema yuko Kalinzi, amekwenda kumsaidia mama yake kuchuma kahawa. Tukacheza, na Jonasi kama kawaida ana mlima mbele yake. Nikajifanya naangusha karata upande wake. Nikainama, nikatazama zile kuhe zake pembeni.

Moja haina kitone. Ya pili haina. Ya tatu inacho. Ya nne haina!

Damu ilinipanda mpaka masikio yakawa yanavuma. Nikasimama. "Jonasi, hizi umezitoa wapi?"

"Zipi, kaka?"

"Usiniite kaka! Hizi kete si zangu. Zangu nimezitia alama."

Mwalimu akasema, "Taratibu bwana, kaa chini tuongee." Nikamwambia anyamaze, yeye na maharage yake.

Jonasi akazichukua, akazigeuza juani kama alivyofanya siku ile na za mfano. Akasema kwa upole, "Kaka, hizi ni za mzigo uleule. Wale wa kiwandani huwa wanaongeza chache juu ya ulizoagiza, ili zikitoka zenye kasoro usipungukiwe. Labda hukuziona ulipofungua."

Mungu nisamehe! Ukweli wote huo, kaniwekea mezani, na mimi nikacheka kwa dharau. "Kiwanda gani kinakugawia vitu bure? Wewe ni shemeji yao?"

Kisha nikachukua mkoba wake, nikaumwaga barazani. Tepu ya kupimia, flashi, karatasi za wateja, chapati mbili kwenye gazeti. Kete hakuna. Badala ya kuona aibu, nikamwambia geuza mifuko. Na Jonasi, mtu mzima mwenye mke na watoto, akageuza mifuko. Majirani wamesimama uani wanatazama. Akaokota chapati zake, akaokota karatasi moja moja, akaondoka. Hakunitukana. Na mimi nikasema mnaona, hata kujitetea kashindwa!

Ningeishia hapo ningekuwa mpumbavu tu. Sikuishia hapo.

Tuna kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa pale Mwanga. Nikapiga picha kete mbili, yenye kitone na isiyo nacho, nikairusha. Nikaandika jina lake, nikaandika, "Anayeweza kufoji hizi atashindwa kufoji muhuri wako?"

Loh! Lile swali lilipita sokoni kuliko moto. Maana Jonasi ndiye aliyetutengenezea mihuri karibu wote. Mtu mmoja akajibu, "Hawa Warundi ndivyo walivyo." Nikalisoma lile neno. Najua mama yake Jonasi, nimekula ugali wake, amenivusha msiba wa baba yangu kwa kulala kwetu siku zote za matanga. Nikabonyeza kidole gumba. Nimekubali.

Watu wakaanza kumpita. Aliyekuwa na kazi kwake akaenda kuidai hata haijaisha. Wengine walikuja kuniuliza mimi kwanza, kabla ya kumpa tenda, na mimi nikawa nainua mabega tu. Asubuhi alikuwa anafungua kibanda, anapangusa kompyuta, anakaa. Mimi niko mlango wa pili, nampa mgongo.

Mama Neema aliporudi kutoka Kalinzi nikamsimulia kwa kishindo, nilivyomnasa mwizi. Alikuwa anapakua mahindi. Akasimama.

"Baba Neema, kuhe zipi hizo zilizozidi?"

"Zile nyekundu."

"Zilizokuwa kwenye kinailoni, chini kabisa ndani ya boksi la mzigo? Si nilizikuta mimi, nilipotaka kuwekea vitunguu lile boksi! Nikajua zimekuponyoka, nikazitia kwenye kisanduku chako."

Nikakaa chini palepale juu ya gunia. Akaniuliza kama Jonasi nimeshamwambia kitu. Akaichukua simu yangu, akasoma mwenyewe, akafika kwenye kile kidole gumba. Akaniangalia, akarudisha simu, akaingia ndani. Yule mwanamke hajawahi kuniita afande tena.

Halafu likanijia jambo jingine likanimaliza kabisa. Siku ile nilichungulia kete za Jonasi tu. Za Hamisi sikuziangalia. Za Mwalimu sikuziangalia. Za kwangu mwenyewe sikuziangalia!

Nikaandika kwenye kundi kwamba nimekosea, Jonasi hana hatia. Unajua walisema nini? Mmoja akaandika, "Kakupoza kwa shilingi ngapi?" Mwingine, "Au siku zote mlikuwa wawili?" Nikaeleza habari za kiwanda, wakacheka kama nilivyocheka mimi. Nilipokwenda kibandani kwake asubuhi yake, nikakuta kufuli. Amehamia Kasulu na familia yake.

Nikamtafuta. Nikambembeleza Mwalimu anisindikize awe shahidi, nikabeba kuku na kitenge cha mama yake. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitapiga magoti mbele ya wateja wake, niseme kwa sauti, dunia isikie kwamba huyu mtu ni safi.

Tukamkuta. Kibanda kidogo, watu watatu wamesimama wanasubiri fulana. Mkewe akaniona kwanza, akaacha alichokuwa anakunja. Nikaanza kupiga magoti. Jonasi akatoka mbio, akanishika mkono, akanivuta nyuma ya ukuta.

"Kaka, nyanyuka."

"Jonasi ndugu yangu, nimekuja kukuomba msamaha mbele za watu."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe zamani, na mama pia." Alikuwa ananong'ona, macho yakiwa kwa wateja. "Ila nakuomba usiseme kitu hapa. Watu wa hapa hawajui. Ukiniomba msamaha mbele yao, watauliza kosa lilikuwa nini. Utawajibu. Na wakishajua niliitwa mwizi, hawatakumbuka kwamba sikuiba."

Nikamnyoshea kuku na kitenge.

"Nenda, kaka. Na usirudi tena. Si kwa ubaya."

Akarudi kwa wateja wake anatabasamu, nikamsikia mmoja anamuuliza wale ni akina nani. Akajibu, "Walikuwa wamepotea njia tu."

Mimi na Mwalimu tukarudi Kigoma. Poka imekufa, hakuna anayekuja barazani, na sina uso wa kumwita mtu.

Ndugu unayesoma, nakusihi. Ukimshuku mwenzako, mwite pembeni, muulize, na akikujibu msikilize mpaka mwisho. Muulize na mkeo pia. Lakini usinyanyue sauti mbele za watu kama huna hakika! Mimi nilikuwa na hakika. Na leo hata msamaha wangu, yule mtu anauogopa.