Treni Yenye Usukani

Harufu ya gunzi la mahindi likiungua hunirudisha Iringa, miaka ya hamsini, kiangazi kile ambacho mimi na dada yangu Semeni tulijenga reli nyuma ya jiko. Treni hatukuwahi kuiona. Tulikuwa na picha moja iliyochakaa, na mabasi yaliyopita mjini yakitimua vumbi, ambayo watu waliyaita mabasi ya reli kwa kuwa yalikuwa ya shirika la reli, ingawa reli yenyewe haikuwapo kwetu. Mianzi mibichi ilikuwa ya kugema ulanzi, pombe ya wakubwa, hatukuthubutu kuigusa; tukapasua mikavu iwe reli, hata iliyopinda. Magurudumu tuliyakata kwenye magunzi. Yakilika baada ya siku mbili, tulikata mengine. Behewa lilikuwa kopo la samaki lisiloisha harufu. Nililala kifudifudi, jicho usawa wa reli, nikiwaona abiria wakinipungia mikono madirishani.

Ugomvi ulianza nilipobandika kizibo cha soda ndani ya kichwa cha treni.

“Hicho nini?” Semeni aliuliza.

“Usukani.”

“Wa nini, bwege we? Reli ndiyo inayokata kona.”

“Na dereva afanye nini? Alale?”

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikaapa nitaiona treni kwa macho yangu, nirudi nimnyamazishe.

Asubuhi moja, bila kupanga lolote, nikaitia treni yangu kwapani, nikapanda basi la reli. Basi la reli lingeenda wapi tena, kama si kwenye reli? Nilikaa karibu na mama mmoja mwenye kuku wawili kapuni. Kondakta akadhani mimi ni mwanawe. Mama akadhani mimi ni wa kondakta. Siku nzima vilima vilisogea dirishani polepole, nikilala na kuamka, nisijue kipi nimekiona na kipi nimekiota. Tulipopita Uyole baridi ilinikaza vidole. Mbeya tuliingia jioni, ukungu umelala mlimani. Abiria wakatawanyika, nikabaki nimesimama.

“We mtoto, unamngoja nani?” mama wa kuku aliuliza.

“Treni.”

“Treni! Mwanangu, basi la kwenda kwenye treni ni lile la Dodoma. Huku umeipa mgongo.” Kisha akamgeukia kondakta. “Na wewe, kesho umrudishe kwao. Leo atalala kwangu.”

Aliitwa Mama Zuhura, mjane aliyetoka pwani. Alinipa uji wa tangawizi na kitanda cha kamba, halafu akaishika treni yangu kama mtu anayeshika kifaranga.

“Hiki kizibo?”

“Usukani.”

Hakucheka. “Marehemu mume wangu alikuwa akichochea moto kwenye treni. Nilipanda mle nikaona. Usukani hamna, baba.”

Nilikibandua kizibo, nikakitia mfukoni, nikajifunika blanketi lenye harufu ya karafuu. Ilinipasa kulia, kwa kuwa Semeni alikuwa ameshinda. Badala yake nililala nikisikiliza mji nisioujua.

Kesho yake nilirudishwa nyumbani, lakini sikutulia tena tangu hapo. Shule niliiacha mapema, na nimelala katika nyumba za watu wengi. Siku hizi treni inapita Mbeya. Iringa, anakoishi Semeni, bado haijafika. Mimi huipanda mara kwa mara, nakaa dirishani. Kizibo bado ninacho, kimeota kutu. Treni inapoikaribia kona, mkono wangu huingia mfukoni, nakizungusha kidogo, tunapinda.