Wa Nani, Wa Nini

Nilipokuwa mtoto kwetu Tezo, wimbo usio na jina haukuingia nyumbani. Wa kutwanga ulijulikana, wa harusi ulijulikana, wa kanisani ulikuwa na namba yake kitabuni. Lakini ukiimba puani kitu ambacho hakuna anayekijua, Bibi alikurushia mwiko. Alisema wimbo wa namna hiyo una mwenyewe asiyeonekana, na siku moja atakuja kuuchukua pamoja na mdomo unaouimba. Tuliamini. Msinicheke, maana nanyi leo mnaamini mambo ya kwenye simu ambayo hata wimbo hayana.

Shangazi yangu Sidi, dada wa baba, aliolewa ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alipojifungua mtoto wa kwanza akaanza kumbembeleza kwa wimbo wa puani usio na neno hata moja. Ulikuwa mrefu. Ulipanda mara mbili kisha ukasimama kidogo, kama mtu anayetafuta pumzi, ukapanda tena. Mavyaa wake, Mama Katana, akamwuliza, "Wa nani huo?" Shangazi akasema hajui. Kesho yake akaulizwa tena, akasema hajui. Siku ya tatu Mama Katana alimleta kwetu na kifurushi chake cha nguo. Mtoto alimwacha kwake, akinyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kijiko.

"Simkatai mkwe wangu," alimwambia Bibi, hata kiti hakukitaka. "Namkataa huyo mwenye wimbo. Mtafuteni, mumtaje jina, atulizwe. Asipojulikana, mjukuu wangu hatanyonya ziwa lenye pepo."

Shangazi alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alikaa nyuma ya jiko akijikamua maziwa kwenye kikombe na kuyamwaga mchangani. Aliniambia nisimtazame. Nilimtazama.

Siku ya nne tangu arudishwe kwetu akaitwa Mzee Karisa na watu wake wa kayamba, lile bapa la matete lenye mbegu ndani, linalotikiswa kwa mikono miwili. Desturi yao ni hii: kila pepo ana wimbo wake, basi nyimbo hupigwa mmoja baada ya mwingine, na ule utakaomtikisa mgonjwa ndio wa mwenyewe. Mama Katana alikuja kushuhudia. Alikaa mkekani, miguu ameinyoosha.

Walianza asubuhi. Wakampigia pepo wa Kiarabu wimbo wake, Shangazi kimya chini ya shuka. Wakampigia wa Kigala, kimya. Wakampigia hata wa Kizungu, ambaye hutakiwa kuwekewa biskuti, na biskuti ziliwekwa.

"Huyu amekaa kama gunia la mahindi," mpigaji mmoja akasema.

"Hebu uimbe wewe, mwanangu, sisi tufuate," akasema Mzee Karisa.

Shangazi akaimba, kayamba zikafuata. Lakini kayamba ina haraka yake. Wimbo ukatimua mbio, zile pumzi zake zikapotea.

"Sivyo," akasema Shangazi.

"Vipi basi?"

"Sijui, baba. Mnakimbia."

Adhuhuri wakataka maji ya kunywa. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi, mwaka ule tuliokuwa tukipewa maziwa ya pakiti za pembetatu shuleni. Nilitoka shule darasa la tatu, kwa hiyo yale maziwa ndiyo niliyofaidi zaidi. Nikatumwa kisimani. Wimbo ulikuwa umenikaa kichwani tangu asubuhi, na mwiko wa Bibi ulikuwa mbali, nikauimba huku navuta kamba. Vuta, vuta, shika. Vuta, vuta, shika. Ukaingia mikononi kama mpini kwenye jembe.

Ila ndoo ilifika juu, na wimbo haujafika nusu. Nikaishusha ndoo, nikavuta tena polepole kusudi. Nusu tu. Ndipo nikajua kwamba huu ni wimbo wa kisima kingine, kirefu mara mbili kuliko chetu. Nami nilikwisha kusikia wanawake wakinong'ona hapo hapo kisimani kwamba Shangazi alizaliwa Adu, ambako visima ni virefu.

Nilirudi bila maji.

"Bibi, kisima cha Adu kina pima ngapi?"

Kwetu neno Adu halikutajwa. Adu ndiko Babu alikokuwa na shamba la pili na mke wa pili, na huyo mke ndiye aliyemzaa Shangazi Sidi. Alikufa Sidi akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Bibi akamchukua mtoto, akamlea vizuri, hilo simnyimi. Lakini Adu hakukanyaga, na jina la mke mwenzake hakulitia kinywani, hata huyo Sidi mwenyewe hakulijua.

"Nani amekutajia Adu?"

"Kamba."

Mzee Karisa akacheka. "Leo tunafunzwa kayamba na mtoto mwenye kamasi."

"Nyinyi mmeuliza wa nani," nikamwambia. "Hamkuuliza wa nini."

Kwa jibu hilo, siku nyingine yoyote, ningelala kwa tumbo wiki nzima. Lakini Bibi akasema, "Leteni kamba zote."

Tuliunga ya kisima na za mbuzi, tukafunga ndoo ya mchanga mwishoni, tukaipeleka hadi kwenye ua wa mbali. Shangazi akafunuliwa shuka, akapewa kamba. Mzee Karisa, nimpe haki yake, aliwaambia watu wake wasubiri mkono wa mvutaji. Vuta, vuta, shika. Ndoo ikaja ikiburuta. Ilipofika katikati ya uwanja, pale ambapo kisima chetu kingekuwa kimeisha, mdomo wa Shangazi ukafunguka na maneno yakatoka, ya Kigiriama, ambayo hajapata kuyasema maishani:

Maji ya Adu yako mbali, wa mgongoni usilie. Kache anavuta, Kache anavuta.

Akavuta mpaka ndoo ikamgonga miguu. Wimbo na kamba vikaisha pamoja.

"Kache ni nani?" Shangazi akauliza.

Bibi ndiye aliyejibu. "Mama yako," akasema. Kisha akamgeukia Mama Katana. "Umesikia. Ni wimbo wa kuteka maji, aliusikia mgongoni kwa mamake. Pepo hawateki maji. Kamlete mtoto."

"Nitamtuma mtu."

"Mama mtu ulimleta kwa miguu yako. Na mtoto mlete kwa hiyo hiyo."

Akaenda, jua la saa nane utosini. Alirudi na mtoto amelala begani, na kabla hajamkabidhi vizuri, mtoto alikwisha kushika ziwa kama anayelidai. Shangazi akaimba, safari hii kwa sauti na kwa maneno, na Mzee Karisa akapiga kayamba polepole kuliko alivyopata kupiga tangu azaliwe. Biskuti nilikula mimi. Hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Tangu hapo, mtu wa Tezo akishindwa na wimbo huja kwangu, nami humpa mchi, ungo au kamba na kumwambia ajaribu. Pepo sikusema hawapo. Nimeona watu wakitikiswa, na si mimi wa kuwabishia. Lakini siku zile nne ziwa la Shangazi hakulifunga pepo. Lilifungwa na Bibi, aliyekaa miaka kumi na saba bila kutamka jina moja fupi.

Mimi nami niliolewa uke wenza. Mwenzangu alitangulia kufa. Sikumpenda, wala yeye hakunipenda. Watoto wake nawaambia jina lake, na nyimbo alizoimba, na kazi aliyokuwa akiifanya kila alipouimba mmoja. Aliimba vibaya sana. Hilo nalo nawaambia.