Likizo Yetu Kisiwani, Singida

Ni mimi niliyefunga ule mpira.

Haya, nimesema. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekana. Nimekana mbele ya mama, nimekana mbele ya bibi wa rafiki yangu, na juzijuzi tu nimekana kwenye kundi la simu la wale tuliosoma pamoja shule ya msingi, tena nikaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nina shahada mbili. Nimewahi kupewa nauli na posho ili nikazungumze ukumbini juu ya ukweli katika uandishi, nikapigiwa makofi. Lakini ungeniuliza ni nani aliyefunga ule mpira wa tairi kwenye kisiki, ningekujibu bila kupepesa macho: yule wa pwani.

Mwezi uliopita nilikwenda Singida kwenye harusi ya mpwa wangu. Asubuhi, wanawake wa pale nyumbani Utemini walipoona ninavyomenya vitunguu, waliniomba kwa heshima zote nikapumzike. Nikashuka mpaka ziwani. Singidani imejaa siku hizi, maji yamekula hata njia tuliyokuwa tukipita. Nikakitafuta kisiwa chetu, nikaona vichwa viwili vya mawe vikichungulia majini, kila kimoja na ndege wake. Nikapiga picha nikaituma kwenye kundi. Mtoto wa Mwalimu, ndivyo tulivyomwita na ndivyo tunavyomwita hata sasa ambapo yeye mwenyewe ni mwalimu mkuu, akajibu kabla sijairudisha simu mkobani.

"Aliyefunga mpira yuko wapi?"

"Yuko Tanga," nikaandika.

Kisha nikakaa juu ya jiwe, nikajisikia mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kama ulikuwa mkubwa wakati ule utakumbuka. Duka la baba wa rafiki yangu, ambalo mwanzo lilikuwa na sabuni ya mche, chumvi na uvumilivu, lilianza ghafla kujaa vitu ambavyo hata mwenye duka hakuvijua majina. Biskuti za kila rangi. Unga wa juisi kwenye vipaketi. Na mitumba, marobota kwa marobota, ambayo yalifunguliwa barazani huku mtaa mzima umesimama kuangalia kama vile mtu anazaliwa.

Siku moja ndani ya robota moja, kati ya makoti ya baridi kali, ikatoka miwani mikubwa ya mpira yenye kioo kimoja, na pembeni yake mrija uliopinda. Hakuna aliyejua ni kitu gani. Fundi wa kuchomelea alisema ni ya kwao, lakini kioo chake cheupe mno. Mzee mmoja mrina asali wa kijiji cha Mgori aliivaa, akageuka huku na huku, akasema hii ni ya kurinia, nyuki hawaingii machoni, na mrija ni wa kupulizia moshi. Angeinunua, ila bibi wa rafiki yangu akatoka ndani akacheka mpaka akashika mlango.

"Ya kupigia mbizi hiyo. Wazungu wanavaa wakachungulie samaki. Unalala juu ya maji, mrija unabaki nje unavuta pumzi."

"Wakishawaona?" akauliza mzee.

"Wanarudi nyumbani."

Mzee akaivua, akairudisha robotani kwa huruma.

Bibi huyo alitoka Tanga akiwa bi harusi na hakuacha kuwa mtu wa Tanga hata siku moja. Alipika wali wa nazi wakati nazi ikipatikana, na isipopatikana alipika wali huku akiisimulia. Kwa sababu yake, mtaani wote walimwita rafiki yangu "yule wa pwani". Ukweli ni kwamba alizaliwa Singida Mjini kama mimi, hakuwahi kuiona bahari, na alikula mlenda kuliko sisi Wanyaturu wenyewe. Lakini ukishaitwa wa pwani, watu wanaamini unajua maji, kama ambavyo mimi, kwa kuwa bibi yangu aliishi Mgori, niliaminiwa kwa mbuzi.

Dukani kulikuwa na kalenda yenye picha ya kisiwa. Maji ya buluu, mchanga mweupe, watu wamelala bila kazi yoyote. Kwetu likizo ilikuwa kwenda Mgori kwa bibi kupalilia na kuchunga, tukarudi tumekonda. Kumbe kuna watu wanakwenda likizo wakalale! Rafiki yangu aliitazama kalenda ile wiki nzima, halafu akatutangazia mimi na Mtoto wa Mwalimu kwamba tunakwenda likizo kisiwani. Alikuwa na miwani tayari. Kisiwa kipo: yale mawe yaliyo katikati ya Singidani, ambayo mvua zikiwa nzuri yanazungukwa na maji. Na iwe Jumamosi hii.

"Twende wiki ijayo, baridi ipungue," nikasema. Ilikuwa Juni, na unajua upepo wa Singida mwezi wa Juni. Unapita kwenye sweta unakusalimia mifupa.

"Jumamosi hii," akasema. "Hiyo nyingine sitaki."

Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kujisomea kwa Mtoto wa Mwalimu. Mtoto wa Mwalimu aliaga kwamba anakuja kujisomea kwetu. Yule wa pwani hakuaga. Aliutoa uani kwao mpira wa ndani wa tairi la lori, akauviringisha mpaka ziwani mchana kweupe, na kila aliyemwona alidhani katumwa na baba yake.

Tulibeba viazi vitamu vya kuchemsha, karanga za kukaanga na vipaketi vitatu vya unga wa juisi. Mmoja alikaa juu ya mpira na chakula, wawili tukasukuma. Maji yalianzia magotini, yakaja kiunoni, na kabla ya kufika yakanigusa kidevu, nami nilikuwa mrefu kuliko wote. Hapo nikakanyaga kitu laini, nikapiga kelele, mpira ukainama na viazi vikaogelea. Tuliviokota karibu vyote. Maji ya Singidani yana magadi, kwa hiyo tulivila vikiwa na ladha ambayo mpaka leo sijaipata kwenye hoteli yoyote, na sijaitafuta.

Kisiwa chenyewe kilikuwa cheupe kama cha kwenye kalenda, ila kwa mavi ya ndege. Mtoto wa Mwalimu aliketi kabla ya kutazama. Alikuwa na sketi yake ya Jumapili, akakimbilia upande wa pili kuiosha.

"Funga mpira," yule wa pwani akaniambia.

Pembeni ya jiwe kulikuwa na kisiki cha mgunga uliozama maji yalipopanda. Nikapitisha kamba, nikafunga chini kabisa, maji yakinifika kwapani.

"Umefunga vizuri?"

"Mimi nimefunga mbuzi tangu nina miaka mitano. Unaniuliza mimi kamba?"

Nilifunga kama alivyonifundisha bibi yangu Mgori, fundo ambalo ukivuta ncha yake mara moja linaachia lote, kwa sababu fisi akija hasubiri uhangaike na kamba. Ni fundo zuri sana. Mbuzi huvuta upande mmoja tu, wa majani, na kadiri anavyovuta ndivyo linavyokaza. Ambalo bibi hakunifundisha, na sijui angelijuaje, ni kwamba mpira juu ya maji hauvuti kama mbuzi. Unakwenda, unarudi, unazunguka, unalegea, unakwenda tena.

Tukaanza kuchungulia samaki. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Mtoto wa Mwalimu. Alilaza uso majini, akasahau kwamba mrija una tundu juu, wimbi likaingia, akatoka anakohoa na kuapa kwamba ameona nguva. Zamu yangu nikaona kijani. Kijani kitupu, kama mtu kaninyooshea kitenge usoni. Nikasema nimeona samaki watatu, mmoja mkubwa. Ndivyo nilivyoanza kazi ya uandishi.

Yule wa pwani alikaa majini muda mrefu kuliko sote. Alishika kisiki kwa mkono mmoja, uso chini, mrija juu, na mgongo wake ukitetemeka kwa baridi. Tukamwita atoke, hakutoka. Alipotoka hatimaye midomo ilikuwa ya zambarau. Akavua miwani, akakaa kati yetu.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

Tulimwonea huruma. Mtu wa pwani mzima!

Hata karanga za mkononi hatujazimaliza, Mtoto wa Mwalimu akasimama. "Mpira!" Ulikuwa umeshafika mbali, unazunguka taratibu na upepo, kamba ikiufuata nyuma kama mkia. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Mimi maji yalinigusa kidevu wakati ziwa limetulia. Sasa lilikuwa na mawimbi, na wenzangu ni wafupi.

Mtoto wa Mwalimu alilia kidogo, akakiri kwamba nguva hakuwepo, akatulia. Tukajibanza upande usio na upepo, jiwe lina joto la jua, tumejifunika kanga moja watatu. Tukaramba unga wa juisi mkavu mpaka ndimi zikawa za rangi ya machungwa. Yule wa pwani akatufundisha nyimbo za harusi za bibi yake, zile ambazo watoto hawatakiwi kuzijua, nasi tukaziimba kwa sauti maana nani angesikia? Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walipita juu yetu, tukawaita kwa majina ya walimu. Nimelala kwenye visiwa viwili vya kweli tangu siku ile, kimoja nimelipiwa na mkutano. Sijawahi kuwa likizoni kama vile.

Alasiri akaja mvuvi na mtumbwi wake. Akatutazama.

"Shikamoo," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Nyie mmekuja kutaga?"

Nchi kavu walikuwa wamesimama mama yangu, mwalimu, bibi, na baba wa rafiki yangu aliyeushika ule mpira uliokwisha kujipeleka wenyewe. Mama akaanza kwa Kinyaturu, na mama akianza kwa Kinyaturu ujue Kiswahili hakitoshi. Kisha baba yule akauliza, kwa upole, swali moja tu.

"Nani aliyefunga huu mpira?"

Sikufikiri. Ningependa kukuambia nilifikiri. Mkono ulinyooka wenyewe.

"Yeye. Si ndiye anayejua maji?"

Rafiki yangu akanitazama. Nilingoja aseme. Mtoto wa Mwalimu alikuwa bado anakwangua sketi, hakujua nani alifunga na nani hakufunga.

"Ndiyo," akasema. "Mimi."

Bibi akajipiga kifuani. "Mtoto wa Tanga kushindwa kufunga kamba! Aibu gani hii mnaniletea ugenini?"

Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Tanga na bibi yake, na begi la nguo zote. Watu walisema amepelekwa akafunzwe adabu. Nilisimama mbali, nyuma ya mabanda ya kituoni, kwa hiyo sijui kama alinitafuta. Aliniandikia barua moja. Sikujibu, kwa sababu kila nilipoanza, sentensi ya kwanza ilipaswa kuwa hii niliyoanza nayo leo.

Duka lile sasa linauza vocha na vifuniko vya simu. Miwani sijui iliishia wapi, labda kwa mrina asali. Bibi wa Mgori hayupo, na watoto wa kule wanafunga mbuzi kwa kamba za nailoni zenye ndoano. Hata kisiwa chenyewe, kama nilivyokwambia, kimebaki vichwa viwili. Nilikuwa nimekaa pale juu ya jiwe nikiyahesabu hayo yote kama mtu mwenye busara, simu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Wewe. Bado tu nimefunga mimi?"

Sauti ilikuwa ya Tanga kabisa sasa, lakini kicheko ni kilekile cha barazani.

"Namba yangu umepata kwa nani?"

"Kwa mwalimu mkuu. Usinizungushe, shoga. Nani alifunga mpira?"

Ziwa lote lilikuwa mbele yangu, na hapakuwa na mtu wa kumnyooshea mkono.

"Mimi," nikasema. "Nilifunga mimi. Ukafukuzwa nyumbani kwa ajili yangu, na barua yako sikuijibu, na nimesema uongo mpaka nimezeeka nao."

"Kufukuzwa na nani? Siku tano kabla ya kisiwa nilishaambiwa naenda Tanga. Baba alishakata tiketi. Unadhani kwa nini nilitaka Jumamosi ile?"

Miaka yote ile nimebeba kosa ambalo hata halikuwa na ukubwa huo. Nilijihisi kama mtu aliyeporwa.

"Sasa kwa nini ulikubali kwamba umefunga wewe?"

"Kwa sababu nililiona fundo lako."

"Uliliona wapi? Ulisema hukuona kitu."

"Nililiona kwa ile miwani. Ndicho kitu pekee nilichowahi kuona kwenye lile ziwa. Lilikuwa mbele ya pua yangu, linaachia kidogo kidogo, kama mtu anayefungua kilemba. Mkono wangu ulikuwa palepale kwenye kisiki. Ningeweza kulikaza."

"Mbona hukulikaza?"

Nilisikia watu wakipita huko aliko, na kuku.

"Ningelikaza, si tungerudi nyumbani?"